Alidhani Mama wa Kambo Kamuua Simbilisi Wake, Kumbe ni Joto la Dar

Mtoto akiletwa kuishi kwa mama wa kambo, majirani huanza kuhesabu. Wanahesabu vipande vya nyama kwenye sahani yake, wanahesabu nguo za sikukuu, wanahesabu mara alizotumwa dukani na mara alizotumwa mtoto mwingine. Kwenye nyumba moja ya wapangaji kule Mbagala, Januari ile, kulikuwa na kitu kingine cha kuhesabu. Walikuja simbilisi watatu. Wiki ya tatu wakabaki wawili.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka 11. Alilelewa na bibi yake Njombe tangu mama yake alipofariki, huku baba akihangaika na maisha Dar, na baadaye akaoa huku huku. Bibi alipoanza kusumbuliwa na miguu ikaamuliwa mtoto aje kwa baba yake, aendelee na shule. Alishuka stendi ya Mbezi na begi moja, sweta la kijani la shule aliyoiacha, na boksi lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi kulikuwa na zawadi ya bibi: dume moja na majike mawili.

Kwa asiyewajua, simbilisi ni mnyama mdogo wa manyoya, mkubwa wake anakaribia kilo moja, hana mkia wa kuonekana, na akisikia mtu anachambua majani anapiga mluzi kama mtoto anayeita. Njombe, Iringa na Mbeya wanafugwa sana. Pale Mbagala ilikuwa kioja. "Panya gani hawa hawana mkia?" aliuliza mpangaji wa chumba cha mbele. Kijana wa bodaboda akauliza kama ni wa kuchoma. Baba naye akacheka, akasema, "Kwetu hiyo mboga." Alikuwa anatania, lakini mtoto alikaa siku nne akichungulia sufuria kabla ya kula.

Mke wa baba hakuwapenda, na ukweli usemwe. Ni mtu wa Kilwa, hakuwahi kuona simbilisi maishani mwake, na alisema mbele za watu, "Panya silali nao ndani." Baba akaunga banda la mbao na wavu, akaliezeka kwa vipande vya bati vilivyobaki choo kilipokarabatiwa, akaliweka uani ukutani. Jua la Mbagala likawa linalipiga kuanzia saa nne asubuhi mpaka jioni.

Binti alimwita "anti". Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, katikati ni "ndiyo" na "hapana". Maneno yake yote alikuwa anayapeleka bandani, tena kwa Kibena, na anti hakuambulia hata moja. Kila usiku alitandika lile sweta la kijani ndani ya banda na kufunika juu kwa gunia. Asubuhi kabla ya kwenda shule, giza bado, alichomekea kingo za gunia vizuri kama mtu anayemfunika mtoto mchanga. Ndivyo bibi alivyomfundisha. Bibi alikuwa na msemo wake kwamba maadui wa simbilisi ni wawili, paka na baridi.

Na bibi hakukosea. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai kule, mtu mzima analala na blanketi mbili na bado anakunja magoti. Simbilisi wa Njombe wengi hulala jikoni, karibu na mafiga. Mtoto aliyekulia humo anajua jambo moja bila kuambiwa mara ya pili: ukimpenda simbilisi, mtie joto.

Basi bwana, siku hiyo binti alirudi shule saa nane mchana, akafunua gunia, akamkuta dume amelala ubavu, miguu imenyooka, kidevu kimelowa. Hakulia. Wapangaji wakajaa uani. Akageuka, akamtazama anti machoni kwa mara ya kwanza tangu afike, akauliza:

"Anti, umempa nini?"

Swali dogo hilo. Lakini kwa mwanamke aliyeolewa na mjane mwenye mtoto, hakuna swali baya kuliko hilo. Leo ni simbilisi, kesho ni uji. Kabla jua halijazama swali lilishafika bombani, na bombani halikuwa swali tena. Baba aliporudi akadhani anatuliza mambo, akasema, "Huyo ni mnyama tu, tutanunua mwingine." Mtoto akaingia ndani, akajifunika shuka hadi kichwani.

Anti hakulala. Alfajiri alimfunga yule dume kwenye gazeti, akampeleka kwa daktari wa mifugo mwenye duka la dawa za kuku. Hakwenda kutafuta elimu. Alitaka karatasi, yenye mhuri, iandikwe kwamba hakuna sumu.

Daktari hakumpa karatasi. Alimpa maswali matatu. Wanakaa wapi? Juu kuna nini? Wanafunikwa na nini?

Aliposikia bati, gunia na sweta, akatikisa kichwa. Akamweleza taratibu kwamba asili ya simbilisi ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, nchi ya baridi kama ya kwao Njombe. Mwili wake ni mfupi na mnene, umevaa manyoya mwaka mzima. Hatoi jasho kama binadamu. Kuhema ulimi nje kama mbwa pia hawezi kwa kiasi cha kumsaidia. Joto likishaingia mwilini mwake, milango ya kutokea ni michache: masikio, nyayo na pumzi. Hali yake nzuri ni kati ya nyuzi 18 na 24. Ikipita 27 hatari inaanza. Sasa Dar ya Januari mchana inafika nyuzi 32, unyevu wa bahari juu yake, na hata usiku haishuki vya kutosha mnyama kupumua. Hapo hujaweka bati, hujaweka gunia, hujaweka sufi.

"Huyu hakulishwa kitu," daktari alisema. "Huyu kapikwa."

Njia nzima ya kurudi, anti alikuwa na jibu mkononi. Jibu la kumsafisha kabisa. Alichotakiwa ni kupita bombani tu na kusema: mtoto kamfunika mwenyewe, mtoto kamuua mwenyewe, ulizeni kwa daktari. Kesi ingeisha saa hiyo hiyo. Na nani angemlaumu?

Lakini alipofika bombani alikata kona. Alishayaona yale mikono midogo inavyochomekea gunia kwenye giza la asubuhi. Akajisemea, nikimwambia huyu mtoto kwamba aliyemuua ni sweta lake, nitakuwa nimeshinda kesi na nyumba nimeipoteza. Basi akasema nusu. "Daktari kasema ni joto. Banda lilikaa vibaya." Akalihamisha mwenyewe mpaka chini ya mwarobaini, akafua sweta, akaliweka mbali kabatini. Binti akasikiliza, akasema "ndiyo". Hakuamini. Wapangaji nao wakaguna, "Joto? Mbona sisi hatufi?"

Usiku huo huo sweta lilitoka kabatini, likarudi bandani.

Watu wengi watasema anti alifanya uungwana, na ni kweli. Ila uungwana wa kuficha una tabu yake. Ukimwondolea mtu lawama bila kumwambia sababu, ile sababu inabaki nyumbani inakusubiri. Ilisubiri wiki mbili tu.

Anti alikuwa na friza. Anatengeneza barafu za ukwaju na ubuyu, watoto wa shule wananunua dirishani. Siku hiyo mapema Februari alitoka saa tatu kwenda sokoni kununua sukari, akarudi karibu saa saba. Umeme umekatika tangu asubuhi, barafu zimeanza kulegea, watoto wamejaa dirishani wanagonga. Akapita uani kuchukua ndoo. Akaona gunia juu ya banda, na kivuli cha mwarobaini kimeshahama, jua linapiga upande mzima.

Alipofunua, jike moja lilikuwa limejibana pembeni kwenye ardhi tupu. La pili, lile kubwa lililokuja na mimba kutoka Njombe, lilikuwa limelala juu ya sweta, limejinyoosha, linahema haraka haraka, mate yanalowesha kidevu, masikio ukiyagusa yanaunguza.

Hapo ndo pagumu. Nyumba nzima hakukuwa na mtu mzima mwingine. Akifa huyu wakati anti yuko peke yake naye, nani atamwamini? Angeweza kurudisha gunia, akaenda dirishani akauza barafu, mtoto akaja kujionea mwenyewe saa nane. Hakuna mtu angejua. Watoto bado wanagonga, kila dakika barafu inayeyuka, na barafu ile ndiyo hela ya wiki.

Akafunga dirisha.

Alimbeba jike mpaka ndani, akamlaza juu ya kanga iliyoloweshwa, sakafuni penye saruji. Yale aliyoyasikia dukani kwa daktari yakamrudia moja moja. Maji ya baridi ya kawaida, si ya barafu, maana mwili uliochemka ukiutia barafu ghafla unashtuka na kudhurika zaidi. Lowesha masikio, lowesha nyayo, pangusa manyoya ya tumboni taratibu. Mguse mdomo kwa tone la maji, lakini usimmiminie, atapaliwa. Kisha wahi kwa daktari, hata kama ameanza kuinua kichwa, kwa sababu joto linaweza kuwa limeshaumiza ndani.

Alipotulia kidogo, akamviringisha kwenye kanga mbichi, akapanda bodaboda. Ni yule yule kijana wa "wa kuchoma". Safari hii hakuuliza kitu, aliendesha tu.

Binti aliporudi alikuta friza limefunguliwa, barafu zote zimekuwa maji, dirisha limefungwa, na anti yuko sakafuni kaegemea ukuta, gauni limelowa, jike limelala miguuni pake juu ya kanga. Linapumua. Pembeni kuna sweta la kijani.

Hapo anti akasema nusu iliyobaki. Hakumfokea. Alisema, "Mwanangu, mimi nilikuficha kitu, nikadhani nakusaidia. Hapa si Njombe. Kule ukimfunika unamponya. Hapa ukimfunika unamchoma. Yule dume alikufa kwa joto, na huyu leo kaponea chupuchupu kwa sababu ya gunia na sweta."

Mtoto alilia siku hiyo. Alilia kilio cha siku zote tangu ashuke stendi, labda na cha kabla ya hapo. Kilichomtoa humo ni simu ya bibi. Anti alipiga, akaeleza yote, kisha akaweka sauti kubwa. Bibi alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Mjukuu wangu, hayo nilikufundisha mimi. Mimi nilikufundisha ya huku. Ya huko mtu wa kukufundisha ni huyo aliye na wewe." Maneno machache tu. Lakini mzigo ulitoka kwenye mabega ya mtoto, na anti naye akapewa nafasi mbele yake bila kuiomba.

Kuanzia hapo mambo yakabadilika, na mtu yeyote anayefuga simbilisi Dar, Tanga au Mtwara anaweza kuiga bila gharama kubwa. Bati likaondolewa, banda likaezekwa makuti. Likawekwa juu ya matofali hewa ipite chini, kuta mbili zikawa wavu mtupu. Wakajifunza kwamba kivuli hakikai mahali pamoja. Kivuli cha saa tatu si cha saa nane, kwa hiyo banda linahama na jua. Siku za joto kali, kuanzia saa tano wanyama wanaingia ndani, kwenye sakafu ya saruji chumbani kwa anti. Ndiyo, yule yule aliyesema hatalala na panya.

Anti akatenga pembe moja ya friza kwa chupa mbili za maji ya kugandisha. Kila chupa inavalishwa kitambaa kabla ya kuwekwa bandani, ili wanyama wajiegemeze wenyewe wakitaka na wasogee wakitosheka. Chupa mbili ni nafasi ya barafu kadhaa za kuuza, anti anajua hesabu yake, na hakuwahi kuitaja. Maji ya kunywa yakawa yanabadilishwa asubuhi na mchana. Majani mabichi kila siku, na kipande cha hoho, kwa sababu simbilisi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C. Tango kidogo, tikiti kidogo sana, maana likizidi wanaharisha.

Mpangaji wa mbele akaleta feni yake ya mezani kwa moyo mzuri. Daktari akamshukuru, akamwambia feni inamfaa mtu anayetoa jasho. Simbilisi hatoi, kwa hiyo ukimpulizia upepo wa moto usoni unamsumbua tu. Ielekezwe ukutani izungushe hewa ya chumba, inatosha.

Mwisho wa Februari lile jike likazaa. Watoto watatu, mmoja akiwa amekufa. Daktari alishaonya kwamba joto linaweza kufanya hivyo. Wawili walizaliwa kama wanavyozaliwa simbilisi wote, na manyoya yao na macho wazi, na siku hiyo hiyo wakaanza kukimbia. Watoto wa dirishani wakawa wananunua barafu na kupitia uani kuwaona. Aliyekufa alizikwa chini ya mwarobaini, na waliochimba walikuwa wawili, mmoja kashika jembe, mwingine kashika taa. Bombani maneno yakapungua. Hayakuisha, maana bombani hayaishi, ila yalikosa kitu cha kushika.

Binti hakuanza kumwita anti "mama". Stori za kwenye filamu ndo zinaishia hivyo. Aliendelea kumwita anti, ila ndiyo na hapana zikaanza kuongezeka mikia. "Ndiyo, halafu anti unajua nini?" Kwa mwanamke yule ilitosha kabisa.

Desemba shule zilipofungwa, binti akaenda Njombe kumsalimia bibi. Dar joto ndo lilikuwa linarudi. Kabla ya kuondoka alichana karatasi kwenye daftari, akaandika maagizo kwa ajili ya baba na wapangaji, akabandika kwenye mlango wa friza. Yaliandikwa hivi:

"Maji asubuhi na saa sita. Chupa ya maji isikae juani.

Jua likihama na banda lihame. Saa tano waingie ndani.

Chupa za barafu zivalishwe kitambaa. Msiziuze.

Umeme ukikatika waangaliwe kila saa.

Msiwafunike. Hata usiku.

Mkiona anahema haraka na kidevu kimelowa, mwite anti. Anti anajua."

Karatasi hiyo bado iko kwenye friza, imelowa kingo kwa mvuke, na wateja wa barafu huisoma wakisubiri chenji.

Haya wadau, joto ndo hilo. Na nyie mnaofuga, iwe simbilisi, sungura au kuku: saa nane mchana kivuli kinakuwa upande gani wa banda lenu?